Kitabu cha Njano na Figo ya Liberati

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Wameamua. Ni Liberati.

Kikao cha familia kwa simu, kama kila Jumapili baada ya ibada. Buffalo, Columbus, na sisi huku Louisville, nyuso zote kwenye kioo kimoja, nusu ya wazee wanatuonyesha dari za nyumba zao. Kaka Jovini alikuwa kwenye kochi lake Buffalo, amejifunika blanketi hadi kidevuni, kimya. Figo zake zimekufa zote mbili. Mashine ndiyo inamsafisha damu. Mkewe Gracieuse ndiye aliyesema: daktari anataka figo ya ndugu, na orodha ya kungojea figo ya marehemu ni ndefu mno, wengine hawafikiwi.

Wazee wakaanza kutupitisha kama wanachambua maharage. Kosta? Aa, Kosta ni mwanamke, ana mtoto, hakatwi. Liberati? Hana mke, hana mtoto, ana nguvu, ana damu moja na kakake. Basi!

Liberati alikuwa kwenye gari lake Columbus, nje ya kazini, kofia imemshuka usoni. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kwetu mdogo akinyamaza mbele ya wakubwa, amekubali. Gracieuse akapiga vigelegele, simu zote zikakwaruza.

Hakuna aliyemwuliza. Hata mimi. Mimi nilikuwa nashukuru kimoyomoyo kwamba jina langu limepita salama. Loo, Kosta!

Mwalimu wetu wa Kiingereza, yule wa darasa la watu wazima, alisema kuandika kila siku kunasaidia. Alimaanisha kwa Kiingereza. Lakini woga wangu haujui Kiingereza.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazini, pale ghalani, akili haikuwepo. Skana ilikataa boksi moja mara nyingi mpaka supavaiza akaja kuniangalia usoni. Nikamwambia nimekosa usingizi tu.

Nilimpigia Liberati saa ya chakula. Tumeongea habari ya matairi. Matairi! Nikamwuliza, upo sawa? Akasema, nipo sawa dada. Nikamwuliza, umekula? Akasema amekula. Tukakata.

Ni mtoto wa mwisho. Mama alitufia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, yeye bado ananyonya. Jovini alikuwa kijana wa kutafutiwa mke, lakini alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, akaenda naye foleni ya maji, foleni ya unga, hadi kliniki. Watu walimcheka wazi. Aliwaambia wacheke, mtoto hajui kama mgongo ni wa mwanamume. Sasa mtoto huyo ana miaka ishirini na mitano na mgongo mpana kuliko wa Jovini, na sote tunautazama huo mgongo.

Binti yangu Nadine hakula. Amejikunja kochini na kitabu cha shule, jalada la njano. Nikamwita aje ale. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ngoja nimalize ukurasa. Huyu binti anaweza kufia kwenye ukurasa.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Mchungaji Zéphyrin alituambia tukae. Alikuwa na wageni, mama wawili wa Kimarekani, wapole, wamevaa vizuri, wameleta keki. Shule ya sekondari ya watoto wetu ina kitabu kibaya. Wazazi wanaandika majina kitolewe darasani na maktabani. Wametugawia fotokopi ya ukurasa mmoja.

Mchungaji alieleza kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Bon, wazazi, huku tulipoteza shamba, tulipoteza luga, watoto wanatujibu Kingereza. Ile inabakia ni heshima tu. Donc, ile kitabu inafundisha mutoto kuambia mama yake hapana, kule ku hospitali, mbele ya daktari! Mutu akigonjwa katika familia, nani ataamua? Mutoto?

Ukumbi mzima ukaguna. Mimi nikasoma ile fotokopi. Kiingereza changu si kibaya. Mama analia. Mwanawe anamwambia: mwili ni wangu, hapana. Chini ya maneno hayo mtu amepiga mstari mwekundu.

Nikamwona Liberati kichwani mwangu. Nikaona ile kofia imemshuka usoni.

Nikatia sahihi. Tena nilikuwa wa kwanza kwenye safu yetu! Mama mmoja wa Kimarekani akanishika mkono akasema asante sana, sauti kama yako inahitajika.

Nimefika nyumbani na kipande cha keki kwenye karatasi. Nadine yuko palepale kochini. Nikalitazama jalada la njano vizuri kwa mara ya kwanza. Jina lililo juu yake ndilo lililo juu ya fotokopi. Keki imeniganda mkononi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nadine hasemi na mimi. Amesikia kwa mtoto wa mwenzangu wa kwaya kwamba mimi nimetia sahihi. Aliniuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa Kiswahili, ndiyo maana limeniuma. "Mama, umekisoma?"

Nikamwambia nimesoma ukurasa.

Akaondoka. Baadaye nikakuta kitabu juu ya mto wangu. Hakuandika kitu. Kakiacha tu.

Baba yake alipiga kutoka barabarani, yuko na lori huko Nebraska. Nikamweleza yote. Akasema, mke wangu, kitabu ni kitabu tu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Nebraska.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ninasoma saa ya mapumziko, garini, milango nimefunga. Naogopa nini? Wenzangu wanavuta sigara pale nje, hawana habari na mimi. Lakini nimekifunika jalada kwa gazeti la matangazo ya duka.

Ni hadithi ya wakulima wazungu, watu wa kanisa kama sisi. Ndugu wawili wa kiume. Mkubwa anaumwa figo. (Nadine, Nadine, na wewe hukusema!) Mama yao ndiye anayeamua mdogo atoe. Hamwulizi. Anaanza kumpikia nyama kila siku ili damu iwe nzuri. Nimecheka peke yangu, kwa sababu Gracieuse tangu wiki iliyopita anamtumia Liberati meseji ale maini.

Halafu wanafika hospitali. Nesi mmoja mtu mzima anamwita mdogo peke yake. Mama anasimama, nesi anamwambia hapana mama, huyu tu. Anafunga mlango. Anamwuliza: wewe mwenyewe unataka? Mvulana analia, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kumwuliza. Nesi anamwambia, ukikataa, sisi tutawaambia nyumbani kwamba hufai. Basi. Hatutasema sababu, na hakuna atakayejua.

Nilifunga kitabu. Nilirudi kazini nimechelewa.

Sasa najua kwa nini wanakitaka kitoke. Kule kanisani nilidhani ni matusi, au mambo ya kitandani, vitabu vinavyofukuzwa huwa na hayo. Hakuna tusi hata moja! Kina mlango tu. Kinamwonyesha mdogo kwamba kuna chumba ambamo wakubwa hawaingii. Mtoto akishajua chumba hicho kipo, utamwambiaje tena kwamba ukoo umeamua?

Nami ni mkubwa. Nami nataka kaka yangu aishi. Nilitia sahihi bila kusoma, na sasa nimesoma, ningetia tena. Naogopa kwamba ningetia tena.

Jumapili, 19 Oktoba

Mchungaji amenishika mlangoni. Kamati ya shule itakaa Alhamisi ya tarehe sita Novemba kusikiliza wazazi. Wale mama wa Kimarekani wanataka mzazi mmoja mhamiaji aongee. Wamenichagua mimi, kwa kuwa mwanangu yumo darasani na Kiingereza nakiweza.

Nikamwuliza, Mchungaji, wewe umekisoma? Akatabasamu. Bon, Mama Nadine, sumu haionjwi. Halafu akashusha sauti. Akaniambia mama yake mzazi aliwekwa mashine ya kupumua hapahapa Louisville, na daktari akamwuliza binti wa Mchungaji, wa miaka kumi na sita, eti kwa sababu ndiye aliyejua Kiingereza, kama mashine izimwe. Mtoto alijibu. Mpaka leo Mchungaji hajui mtoto alijibu nini, wala hataki kujua. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilikuja tayari kugombana naye. Nikaondoka nimemwonea huruma.

Nimekubali kuongea. Sijui kwa nini nimekubali. Ndiyo, najua. Sikuweza kusema hapana mbele ya Mchungaji! Kosta wa miaka arobaini na moja.

Jumanne, 21 Oktoba

Kitabu hakipo.

Nimetafuta chumbani, garini, jikoni, chini ya kochi. Nadine ananitazama nikipindua mito. Mwishoni akasema, taratibu kabisa, nimemtumia mjomba Libe.

Nini?

Nimemtumia kwa posta. Jana. Nimemwambia, amefurahi.

Nilimpigia kelele ambayo majirani waliisikia. Nilimwambia unataka kumwua mjomba wako Jovini? Unajua umefanya nini? Naye akasimama, amenipita urefu siku hizi, akasema kwa Kiingereza kwamba mjomba Liberati naye ni mjomba wake. Akalia. Nikalia. Ugali ukaungua.

Nimempiga marufuku posta. Marufuku posta! Hata mimi nilijisikia mjinga nikilitamka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia Liberati. Nimezunguka sana. Hali ya hewa Columbus. Kazi. Gari. Kisha nikasema, Nadine kakutumia kitu? Akasema ndiyo, nakisoma, kizuri.

Umefika wapi?

Akacheka kidogo. "Dada, unaogopa nimefika wapi?"

Nikamwambia Jumamosi nitapita kumchukua twende wote Buffalo kwa vipimo vyake, asiendeshe peke yake. Akasema sawa dada. Kila kitu kwake ni sawa dada. Sijawahi kusikia neno hapana kinywani mwa mtoto huyu, hata akiwa na homa, hata tulipomnyoa nywele kwa kisu kibutu kambini. Mpaka leo nilikuwa najivunia hilo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Buffalo. Baridi imeshaingia.

Njiani kutoka Columbus Liberati aliendesha, mimi nikajifanya nimelala. Kitabu kilikuwa kwenye begi lake, kona ya njano inachungulia zipuni. Nilifikiria kukichomoa tukisimama kujaza mafuta nikitupe kwenye pipa. Niliinua mkono kabisa! Akarudi na chai mbili, yangu ameijaza maziwa kama ninavyopenda. Mkono nikaurudisha.

Jovini anakaa ghorofani, karibu na Grant Street, juu ya duka la vyakula. Amekonda. Mkono wa kushoto, pale wanapomchoma sindano za ile mashine, umevimba kama una nyoka chini ya ngozi. Lakini alishuka ngazi mwenyewe kumpokea Liberati. Akamshika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto wangu, mtoto wangu. Hakusema kitu kuhusu figo.

Gracieuse alipika maharage na ndizi kwa ajili yetu. Jovini haruhusiwi vyote viwili. Mrundi asiyekula maharage! Alikaa na sahani yake ya wali mweupe akatutazama tukila, anatukaribisha: kuleni, kuleni. Gracieuse akamwongezea Liberati nyama, akamwongezea tena. Liberati akala yote. Mimi nilikuwa naona lile jiko la kitabuni, yule mama mzungu na nyama zake, nikashindwa kumeza.

Jioni Jovini alimwuliza anasoma nini siku hizi, maana amemwona na kitabu. Liberati akasema ni hadithi tu, kaka. Jovini akasema vizuri, soma, mimi nilikubeba foleni ya shule usajiliwe. Akacheka. Liberati hakucheka.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hospitali. Wamemtoa damu asubuhi, wamempima mkojo, moyo, kila kitu. Damu inalingana na ya Jovini, hilo walisema wazi. Gracieuse akapiga goti palepale koridoni.

Kisha akatoka mwanamke mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Akaita jina la Liberati. Gracieuse akasimama. Mwanamke akasema kwa upole: huyu tu. Mkalimani tutampata kama anahitaji. Gracieuse akanigeukia, Kosta mwambie sisi ni familia. Nikamwambia. Mwanamke akasema anajua, na ndiyo sababu.

Mlango ukafungwa.

Nilikuwa nimeshausoma ule mlango! Nilijua swali atakaloulizwa. Gracieuse alikaa kando yangu anasali rozari, hajui kitu, anafikiri mle ndani wanapima shinikizo la damu. Nilitaka kugonga. Nilitaka kupiga kelele, Liberati, kumbuka kitenge! Na wakati huohuo, Mungu anisamehe, kuna Kosta mwingine alikuwa anasema, mwacheni. Mwacheni mtoto aulizwe mara moja tu maishani mwake.

Alitoka. Uso wake ulikuwa umeoshwa kwa maji. Akasema njaa inaniuma, twende. Njiani kurudi nyumbani alinisimulia habari za matairi.

Jumapili, 2 Novemba

Kikao cha simu. Wazee wanauliza tarehe ya upasuaji. Gracieuse anasema tunangoja simu ya hospitali. Liberati hakuingia kikaoni. Ana shifti, wamesema.

Jovini alisema maneno machache leo. Alisema kama Mungu akipenda. Sauti yake inatoka mbali.

Nadine na mimi tunasalimiana sasa. Leo alinisuka nywele, hakuniuliza nitasema nini Alhamisi. Nilimshukuru kwa kutoniuliza.

Jumatano, 5 Novemba

Hospitali wamepiga. Liberati hafai.

Hafai. Neno hilohilo! Gracieuse alikuwa analia mpaka simu inakatika. Hawasemi sababu. Wamesema tu timu imeamua kwamba hafai kutoa, na kwamba habari zake ni siri yake. Gracieuse ananiuliza: siri gani, Kosta? Damu ililingana, walituambia! Ana ugonjwa? Kijana wetu ana ugonjwa gani? Wewe unajua Kiingereza, wapigie, waulize.

Nimesema nitawapigia.

Sijawapigia. Nimekaa jikoni na koti. Najua. Hakuna mwingine anayejua, ni mimi na Nadine tu, kwa kuwa tumesoma. Wote wengine wanasali Liberati apone ugonjwa asio nao.

Liberati hashiki simu. Nimemwandikia: umekula? Hajajibu.

Nina hasira. Niandike hapa ambapo hakuna anayeona: nina hasira naye, Jovini alikubeba! Halafu nakumbuka hakuna aliyenibana mimi. Walisema mwanamke mwenye mtoto hakatwi, nami nikajibanza nyuma ya mtoto ambaye amenipita urefu. Mimi pia ni damu moja na Jovini. Hakuna aliyeniuliza, sawa. Mdomo si ninao?

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika kwenye paking ya shule. Kikao cha kamati kimeanza. Nadine amenitangulia ndani kutushikia viti, mimi nilisema nimesahau miwani garini. Miwani iko usoni.

Mchungaji Zéphyrin amefika na suti yake ya harusi. Wale mama wawili wamefika, wamenipungia mkono. Nina karatasi waliyoniandikia. Inasema mimi ni mkimbizi, ninaheshimu familia, kitabu hiki kinavunja familia. Nimeikunja mpaka imekuwa ndogo kama tembe ya dawa. Nikisema kitolewe, nimesema Liberati asingepaswa kuulizwa. Nikisema kibaki, nimemzika kaka yangu mbele ya watu wenye keki.

Simu. Ni Jovini. Jovini huwa hapigi, Gracieuse ndiye anayepiga.

Kaka, shikamoo.

Marahaba. Yuko peke yake, amesema, Gracieuse yuko kazini. Kuna kitu anataka kuniuliza taratibu. Liberati aliacha kitabu. Kimekutwa kwenye kochi alilolalia, chini ya mto. Cha njano.

Nikasema, labda amekisahau.

Akasema, mtoto yule hasahau vitu, nimemlea mimi. Akakohoa. Akasema amekaa nacho mapajani tangu asubuhi, anafungua, anafunga, Kiingereza hakijui. Kuna ukurasa mmoja umekunjwa kona. "Kosta, wewe umesoma. Kinasema nini?"

Sikuweza kutambua kama ni hasira au ni upole. Sauti yake siku hizi haina nguvu ya kuonyesha tofauti.

Nikasema ni hadithi, kaka. Ya ndugu wawili.

Akasema, enhe.

Mkubwa anaumwa.

Nami nimebonyeza simu asinisikie, nimeiweka juu ya dashibodi, naandika haya kwa sababu mkono ukisimama nitapiga mayowe. Namsikia anapumua. Nadine ametokea mlangoni mwa shule, ananionyesha kwa mkono: Mama, wamelitaja jina lako, njoo.

Jovini ananiita. Kosta? Kosta, upo? Anauliza tena, taratibu, kama alivyokuwa akituuliza kambini nani hajala.

"Na yule mdogo? Walimwuliza?"